Bunduki ya Shabaha ya Masafa Marefu: Uchaguzi wa Mwenye Fedha Chache Anayeishi Mpakani

Miongoni mwa maswali yanayotufikia katika mikutano ya ulinzi shirikishi limo moja ambalo wengine huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuuliza ni kosa: je, raia asiye tajiri anaweza kushiriki mchezo wa kulenga shabaha za mbali, na akiweza, anunue bunduki ya namna gani? Kuuliza si kosa. Tunalijibu swali hili kwa ukamilifu kwa sababu tunajua kwamba asiyejibiwa na polisi hujibiwa na mlanguzi, na jibu la mlanguzi siku zote ni lile lile: silaha ya bei rahisi, isiyo na karatasi, iliyovushwa usiku kwa njia za panya.

Mchezo wenyewe

Kulenga shabaha ni mchezo mkongwe wenye kanuni kali. Nchini Uingereza, mashindano ya masafa marefu ya chama cha taifa cha walengaji yalianza mwaka 1860, na tangu mwaka 1890 yamekuwa yakifanyika Bisley, si mbali na London. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo nchi zetu hushiriki, ulengaji wa shabaha uliingizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 mjini Kingston, Jamaika, ingawa haukuwemo Birmingham mwaka 2022. Katika mashindano ya bunduki kubwa, mlengaji hulala kifudifudi na kulenga shabaha iliyo umbali wa kuanzia mita 270 hivi hadi zaidi ya mita 900. Katika mashindano ya bunduki ndogo umbali ni mita 50, na katika yale ya bunduki ya upepo ni mita 10 tu.

Mchezo huu haufanani na uwindaji wala vita. Anayeshinda si mwenye nguvu, bali ni mwenye pumzi tulivu, jicho linaloweza kuusoma upepo na subira ya kurudia jambo moja mara elfu. Kwa hiyo fedha nyingi haziwezi kununua ushindi, na fedha chache hazimzuii mtu kuanza, mradi azielekeze mahali panapostahili.

Sheria hutangulia mfuko

Kabla ya kulinganisha bei, yatupasa kujua ni bunduki ipi ambayo raia anaruhusiwa kuifikiria. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda ikiwa miongoni mwao, zilitia sahihi mjini Nairobi itifaki ya kudhibiti silaha ndogo ndogo. Moja ya ahadi zake ni kuwapiga marufuku raia kumiliki bunduki zinazofyatua mfululizo pamoja na zile zinazojipakia zenyewe baada ya kila risasi. Kwa lugha nyepesi, bunduki ya jamii ya AK haina nafasi mikononi mwa raia, hata akidai kwamba anaitumia kwa michezo.

Kinachobaki kwa mlengaji ni bunduki ya kukoki kwa mkono: kila baada ya risasi moja, mtumiaji hulivuta komeo nyuma, ganda huruka nje, kisha hulisukuma mbele ili kupakia risasi nyingine. Wala asione kwamba amenyimwa kitu. Bunduki ya komeo ina sehemu chache zinazotikisika wakati wa kufyatua, ndiyo maana katika kulenga mbali huishinda bunduki ya kujipakia ya bei hiyo hiyo. Hapa sheria na shabaha zimekubaliana.

Nchini Uganda, sheria ya silaha ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye bunduki au risasi awe na hati halali, na mamlaka ya juu ya kutoa hati hizo yako kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Maombi huanzia chini, kwa uongozi wa kijiji unaomfahamu mwombaji, yakapitia kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kabla ya kupanda juu. Mwombaji huulizwa sababu ya kutaka silaha, tabia yake, afya yake na mahali atakapoihifadhi. Tunawasihi wananchi wafuate mpangilio huu: hati kwanza, bunduki baadaye. Aliyelipa fedha kabla ya kupata kibali amenunua kesi.

Nambari za risasi zina maana gani

Watu wengi hudhani kwamba risasi zenye nambari inayofanana ni risasi moja. Dhana hii ni ya hatari. Nambari ya kaliba hueleza upana wa tundu la mtutu au wa risasi yenyewe, lakini haielezi urefu wa ganda wala nguvu ya baruti iliyomo. Risasi ya AK huandikwa 7.62 × 39. Risasi ya zamani ya nchi za Magharibi iliyokubaliwa mwaka 1954 huandikwa 7.62 × 51. Nambari ya kwanza ni sawa, ila ya pili, ambayo ni urefu wa ganda kwa milimita, huonyesha kwamba ni viumbe viwili tofauti. Bunduki iliyotengenezwa kwa moja haiwezi kutumia nyingine, na anayelazimisha risasi isiyo yake anaweza kuharibu silaha, mkono na macho yake kwa mpigo mmoja. Bunduki hudai risasi iliyoandikwa juu ya mtutu wake, wala haikubali kubahatishiwa.

Kaliba nne kwa kulinganisha

Ya kwanza ni .22, ndogo kuliko zote na yenye umri mkubwa, kwani ilianza mwaka 1887. Risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti, yaani kama mita 330 kwa sekunde. Wengi huidharau kwa udogo wake. Lakini kwa sababu ni ya polepole, huanguka na kusukumwa na upepo mapema sana. Bunduki iliyorekebishwa kupiga katikati kwa mita 50 itapiga chini kwa karibu sentimita 20 shabaha ikiwa mita 100. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kujifunza kukadiria mnyooko na upepo katika uwanja mfupi, bila kuhitaji bonde la kilomita nzima. Haitikisi bega, sauti yake si kubwa, na risasi zake ni za bei ndogo kuliko zote.

Ya pili ni .223. Teke lake ni dogo na mtutu wake hudumu vizuri. Katika mashindano ya kimataifa ya bunduki kubwa, hii na .308 ndizo kaliba mbili zinazokubaliwa katika baadhi ya madaraja. Shida yake ni kwamba risasi nyepesi hupeperushwa. Mlengaji wa mbali huhitaji risasi nzito ya gramu 4.5 hadi 5.2, na risasi hizo hazitulii angani kama michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu haizunguki kwa kasi ya kutosha. Mtutu unaozungusha mara moja kwa kila inchi 8 au 7 unafaa. Ule wa zamani wa mara moja kwa inchi 12 haufai kwa risasi nzito. Mnunuzi asiyeuliza jambo hili huishia na bunduki nzuri isiyofika mbali.

Ya tatu ni .308, iliyoingia sokoni mwaka 1952. Hii ndiyo kaliba ya kiraia inayolingana na ile 7.62 × 51 tuliyoitaja. Risasi yake ya mashindano ina gramu 10 hadi 11 hivi na huruka kwa takriban mita 800 kwa sekunde. Ikifika mita 900 imetumia zaidi ya sekunde moja na nusu angani, na imeanguka kiasi cha mita 10 chini ya mstari wa kulenga wa bunduki iliyorekebishwa kwa mita 100. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao hutikisa majani ya mgomba, huisukuma pembeni kwa zaidi ya mita 2. Faida yake kuu ni uzoefu: imetumika kwa miaka mingi, bunduki zake ni nyingi, na mtutu wake huweza kupiga risasi 5,000 kabla ya usahihi kuanza kupungua.

Ya nne ni 6.5 Creedmoor, iliyotokea mwaka 2007. Risasi yake ni nyembamba na ndefu, kwa hiyo hupenya hewa vizuri kuliko .308, huanguka kidogo na hupeperushwa kidogo, huku teke lake likiwa jepesi. Kwa shabaha za mbali ni bora kwa ufundi. Hata hivyo mtutu wake huchakaa mapema, baada ya risasi 2,000 hadi 3,000 kwa mlengaji anayedai usahihi wa juu.

Iko pia .303, kaliba ya bunduki ya Lee-Enfield waliyoibeba askari wa King's African Rifles, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la Mark Four. Ni bunduki ya komeo, imara na yenye heshima. Lakini risasi nzuri za kaliba hiyo zimeadimika, na mitutu mingi imechakaa. Kumbukumbu si sababu tosha ya kununua.

Hesabu ya gharama

Kosa la kawaida la mwenye fedha chache ni kuhesabu bei ya bunduki peke yake. Bunduki hununuliwa mara moja, bali risasi hununuliwa kila wiki. Tuchukue mlengaji wa wastani anayepiga risasi 40 kwa wiki, kwa wiki 50 za mwaka. Huyo atatumia risasi 2,000. Risasi moja ya mashindano ya .308 kwa kawaida hugharimu mara kumi au zaidi ya risasi moja ya .22. Kwa hiyo fedha zinazompa mtu mazoezi ya mwaka mzima kwa .22 zingemalizika kwa wiki tano tu kama angechagua .308.

Ongezeni mtutu. Kwa risasi hizo 2,000 kwa mwaka, mtutu wa 6.5 Creedmoor unaweza kudai kubadilishwa baada ya mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu. Ule wa .308 utafika miaka miwili na nusu. Ule wa .22 huhimili makumi ya maelfu ya risasi, na mwenyewe huenda akauacha kwa wajukuu, hati zikiwa sawa.

Katika nchi nyingine walengaji hupunguza gharama kwa kujaza magonda upya nyumbani. Hapa kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na mtungi wa baruti ndani ya nyumba ya kulala watoto ni hatari isiyohitaji maelezo. Njia hiyo isifikiriwe.

Ushauri wetu, basi, ni huu. Anayeanza aanze na bunduki ya .22 ya komeo, au bunduki ya upepo ya milimita 4.5 baada ya kuuliza kituo cha polisi masharti yake, kwani neno upepo halimaanishi kwamba haihusiki na sheria. Bora zaidi, ajiunge na klabu iliyosajiliwa na kutumia bunduki ya klabu chini ya mwangalizi kabla ya kununua yake. Baada ya misimu miwili, kama moyo bado unataka na uwanja wa masafa marefu upo, .308 ndiyo hatua ya pili yenye busara kwa mfuko mdogo. Kaliba ya 6.5 imngoje yule ambaye mtutu mpya hautamnyima karo ya watoto.

Mambo ya kukagua

Mnunuzi wa bunduki iliyokwisha kutumika, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, akague mtutu kwanza. Mwanga upite ndani yake na michirizi ionekane mikali, bila kutu wala mashimo. Mdomo wa mtutu usiwe na pengo, kwa kuwa risasi hupata mguso wake wa mwisho hapo. Komeo lifunge bila kulegea. Kifyatulio kiachie kwa uzito ule ule kila mara. Kitako kisiguse mtutu mahali pasipostahili, kwani mtutu ukipata joto hutanuka na kusukumwa pembeni.

Kuhusu darubini, mwenye fedha chache asigawe bajeti nusu kwa nusu bila kufikiri. Darubini mbovu huifanya bunduki nzuri ionekane mbovu. Itakiwayo si ile inayokuza sana, bali ile ambayo vipimo vyake vikizungushwa juu na kurudishwa hurejea mahali pake. Walengaji hupima kwa dakika za pembe. Dakika moja kwa mita 100 ni kama sentimita 3, na kwa mita 900 ni kama sentimita 26. Kwa kuwa .308 hudai kupandishwa dakika 38 hivi kufikia umbali huo, darubini yenye nafasi ndogo ya marekebisho itaishia njiani. Kwa mazoezi ya .22, matundu ya kulengea ya chuma yanatosha, na ndiyo yanayotumika katika mashindano mengi.

Hatimaye, ndani ya bajeti hiyo hiyo ziwemo fedha za sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho. Asiyeweza kumudu sefu hajaweza kumudu bunduki. Komeo na risasi vihifadhiwe mbali na bunduki, chini ya kufuli nyingine.

Risasi haijui mpaka

Jambo hili ndilo linalotugusa zaidi sisi tunaoishi mpakani. Risasi ya .22, ile inayodharauliwa, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ile ya .308 huweza kuvuka kilomita 4. Mtu anayepiga shabaha nyuma ya nyumba yake anaweza kumjeruhi mchungaji wa nchi jirani ambaye hakuusikia hata mlio. Katika maeneo yaliyowahi kuonja uchungu wa wizi wa mifugo, mlio mmoja usio na maelezo unatosha kuamsha hofu, hofu ikaamsha kisasi, na kijiji kikalipa deni la mchezo wa mtu mmoja.

Kwa hiyo mazoezi yafanyike katika uwanja ulioidhinishwa tu, wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha, bendera nyekundu na mwangalizi. Kichuguu si tuta, kwani risasi huweza kukikosa au kukipenya. Mwamba hurudisha vipande. Maji ni hatari kuliko vyote viwili: risasi inayopiga uso wa ziwa kwa pembe ndogo huruka tena kama kijiwe kilichorushwa na mtoto, na wavuvi wako pale. Uwanja usipokuwepo karibu, safari ya mara moja kwa mwezi hadi uliopo ni sehemu ya gharama za mchezo, nayo iingizwe katika hesabu.

Kuvuka na bunduki

Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza kutekelezwa mwaka 2010, limerahisisha safari za watu na bidhaa zao. Halikurahisisha safari za silaha. Hati iliyotolewa Uganda haina nguvu ng'ambo ya barabara katika Busia ya Kenya, ambako sheria na bodi ya kutoa leseni za silaha ni nyingine. Ndivyo ilivyo pia ukivuka Mutukula kuingia Tanzania. Mwenye kualikwa mashindanoni ng'ambo anahitaji kibali cha kutoa silaha nchini, kibali cha kuiingiza nchi anayokwenda, na vyote hivyo kwa ajili ya safari ya kurudi. Avipate kabla ya kuondoka, na afikapo kwenye kituo cha pamoja cha mpakani ajitangaze mwenyewe kwa maafisa kabla hajaulizwa. Risasi nazo zina kibali chao. Risasi moja iliyosahaulika ndani ya mkoba inatosha kumweka mtu mahabusu.

Dalili za silaha haramu

Silaha ambayo nambari yake imekwanguliwa au kufutwa ni silaha iliyokimbia jambo. Muuzaji asiyekuwa na leseni, anayetaka mkutano wa usiku, anayesema karatasi zitafuata, au anayetaja bei isiyolingana na thamani ya chuma chenyewe, anakuuzia mzigo wa mtu mwingine. Huenda bunduki hiyo imeua, na siku itakapokamatwa nawe, wewe ndiwe utakayeanza kueleza.

Aliyekwisha kuwa na silaha ya namna hiyo, iwe ya urithi wa marehemu mzee au iliyookotwa porini, asiifiche wala kuitupa kisimani. Aende kwanza bila silaha kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi na kueleza ilipo, ili maafisa waje kuichukua kwa usalama. Aliyepotewa na silaha halali atoe taarifa siku hiyo hiyo, kwa sababu kila saa inayopita humpa mwizi nafasi ya kuvuka mpaka.

Anayetaka kuanza mchezo huu kwa njia iliyo wazi afike katika ofisi ya uhusiano wa jamii ya kituo chochote cha polisi cha wilaya. Ataelezwa hatua za maombi, na swali lake halitaandikwa kama shtaka.